Mwanga Hula Rangi

Mzee aliposikia kengele ya geti aliweka kikombe chini. Dada amekuja. Mpishi alikuwa ameufikisha ujumbe kwa mdomo, kama walivyokubaliana.

Mkurugenzi wa mfuko wake wa hisani aliingia bila kubisha, miwani kaipandisha kichwani.

"Mzee, umemwita nani?"

"Dada yangu. Kumwona dada nako kunahitaji kikao?"

"Hajakanyaga hapa tangu ule ugonjwa. Nashangaa tu." Alisema hivyo huku akikagua mapazia, moja baada ya jingine. Katika nyumba ile mapazia hayakufunguliwa. Kuta zote, hata za veranda ya ndani, zilijaa picha za thamani, na mwanga wa jua hula rangi. Kwa hiyo mzee naye aliishi gizani pamoja nazo, kama gunia la viazi ghalani.

Dunia ilimjua hivi: mwekezaji aliyenunua viwanda vilivyokufa, akavifufua, akaviuza kwa faida, kisha uzeeni akawa mtu wa kutoa. Zahanati, shule, ada za yatima. Halafu akaugua sana. Waliomwona kwa mbali baada ya hapo walisema amekonda, sauti imekwaruza, lakini ugonjwa humwacha nani kama alivyokuwa?

Sasa kazi yake ilikuwa kukaa kitini, kupunga mkono, kukata utepe, na kurudishwa kwenye gari lenye vioo vyeusi.

"Nimechoka," alisema. "Nataka kutoka."

Mkurugenzi akakaa kwenye mkono wa kiti. Hakuwa mkali, angekuwa mkali ingekuwa nafuu. "Mkataba unaujua. Siku mzee akifa, washirika wa zamani wanachukua kila kitu. Picha, nyumba, mfuko. Zahanati zinafungwa wiki hiyohiyo. Wale jamaa ukipiga chafya tu wanapeleka suti nyeusi kwa fundi."

"Sijasema nataka kufa. Nataka kunywa kahawa nimesimama barabarani. Mtu anikanyage, halafu anitukane yeye."

"Kahawa utaletewa. Na mpishi nitamwambia akutukane."

Mzee akacheka bila kupenda. Ndivyo alivyokuwa akishindwa kila mara.

Dada alikuwa mama mfupi, aliyevaa viatu vya raba na kubeba mkoba mkubwa kuliko kifua chake. Alisimama katikati ya chumba, akahema kidogo, akamgeukia mkurugenzi. "Mwanangu, hebu tuachie nafasi."

Mlango ulipofungwa mzee hakupoteza muda. Alikwenda dirishani, akashika pazia kwa mikono miwili, akalivuta mpaka mwisho. Jua likaingia lote. Vumbi likaonekana, picha zikawaka ukutani, naye akasimama pale kwenye mwanga, uso mzima nje.

"Nitazame, dada. Nitazame vizuri."

Miaka yote hiyo alikuwa akimngoja mtu mmoja tu amtazame namna hiyo, na hakuna aliyeujua uso ule vizuri kuliko huyu. Akipiga ukelele, walinzi watasikia, majirani watasikia, na geti halitaweza tena kufungwa.

Dada alimsogelea. Alimtazama paji la uso, pua, masikio. Akampapasa shavu kwa kidole gumba, taratibu, kama anayetafuta kovu. Mzee alihisi machozi yakimjaa, akaona ndiyo basi, yameisha.

Mama yule akampita, akarudisha pazia mahali pake na kulinyoosha mikunjo. Akamshika mkono, akamkalisha kitini, akamwekea sawa kola ya shati kama mtoto anayepelekwa shule.

"Kaka yangu nilimfumba macho kwa mkono huu," alimnong'oneza. "Wewe nilikuchagua mwenyewe, kwenye lundo la picha za waigizaji waliokosa kazi."