Nishani ya Kapteni Zubeda

Mwaka huo hospitali ya jeshi iliamua kumtuza daktari ambaye wagonjwa wake wamepona vizuri zaidi, si yule aliyetibu wengi. Likaitwa jina la Kapteni Zubeda, daktari wa mifupa ambaye wenzake walizoea kumcheka kwa kukawia na mgonjwa mmoja.

Kamanda hakumvisha nishani mwenyewe. Alimpa Koplo Mashauri aipeleke, askari ambaye mguu wake ungekatwa kama Zubeda asingekataa.

Koplo akaanza kuvuka uwanja wa gwaride bila mkongojo. Alipofika katikati akayumba. Muuguzi aliyekuwa kando ya Zubeda akataka kumkimbilia.

"Mwache," Zubeda alisema, kifua mbele. "Anakuja mwenyewe."

Koplo akajiweka sawa, akamtazama daktari wake usoni, kisha akaunyanyua ule mguu ulionusurika, akapiga hatua kumwendea.