Maji ya Kumkanda Mzazi

Tunaishi ndani ya mwamba, chini ya barafu, na sheria inakataza maji ya moto. Eti yanayeyusha barafu, kisha maji yaliyobanwa chini yake hubeba mchanga na kuula mwamba. Binti yangu Mwanakheri kajifungua juzi, na mkaguzi Shelukindo kaja kunikataza nisimkande!

"Bi mkubwa, utatoboa sakafu za wenzako."

Nikamvuta hadi kitandani kwa mzazi. Chini yake mfereji mpya, laini kama bakuli, ulikuwa umekata jiwe.

"Mwaka mzima sijachemsha hata kikombe! Haya yametoka wapi?"

Akatazama juu, waliko wakubwa zake na mabafu yao ya maji ya moto.

"Hamisha kitanda, mama."

Nikabandika sufuria, nikampa Shelukindo mtoto ampakate.

"Kaa hapo. Sakafu ikizama, tuzame na serikali."