Maziwa ya Subilaga

Kutoka Dodoma hadi Lima ni zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili. Ndege za siku hizi humaliza safari hiyo kwa saa moja, kwa aliye ndani. Huku chini unapita mwaka mzima.

Mke wangu Subilaga ni mhudumu wa ndege hizo. Likizo ya uzazi ilipokwisha, alimnyonyesha mwanetu Lusekelo, akamkabidhi kwa dada yangu Atupele, akaenda kazini. Safari moja tu, kwenda na kurudi.

Nilipompokea uwanjani, sare yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani.

“Baba Lusekelo, endesha haraka, yanauma. Alilia sana?”

“Wiki mbili. Halafu akanyamaza.”

Hesabu ya miaka walimfundisha kazini, ila matiti hayakufundishwa.

Nyumbani Lusekelo alikuwa anafukuza kuku uani. Alipomwona, alikimbilia nyuma ya Atupele.

“Mama, nani huyu?”

“Huyo ndiye mama yako,” Atupele akamwambia. “Mimi shangazi. Nenda basi.”

“Sitaki.”

Subilaga alikaa kwenye kigoda, akafungua vifungo. “Njoo unyonye, mwanangu.”

Mtoto akacheka. “Mimi mkubwa!”

Subilaga akaingia jikoni, akajikamulia kwenye sinki. Nikamfuata.

“Usirudi tena kule,” nikamwambia. “Acha kazi.”

“Niiache, nibaki na nani?”

Kule uani Lusekelo akaita mama. Subilaga akaitika. Atupele naye akaitika.