Korongo Mkaguzi wa Vyungu

Mwaka ule wa njaa Tembo alifungua ghala lake akawagawia wanyonge mtama mkononi, kila mmoja debe moja, ajipangie mwenyewe. Korongo alinuna. Miaka yote msaada ulipitia kwake, na kila mara ulifika pungufu. "Maskini hajui kupanga," alisema, akajipa kazi ya ukaguzi.

Alianza kwa Kware, mjane wa vifaranga sita. Kware alikuwa amepanda nusu ya mtama wake na kuweka nusu ya kula, akaacha kibarua cha kupalilia shamba la Ngiri ili apalilie lake. Mwezi mzima Korongo alifika kila siku saa ya chakula, akatumbukiza shingo chunguni. Na kwa kuwa kwa Kware mgeni hupakuliwa kwanza, alikula akashiba, ndipo akauliza maswali.

Mwisho akampeleka mbele ya Tembo. "Si nilisema? Akiba imekwisha na mavuno bado. Ameutapanya!"

"Ni kweli, mama?" Tembo aliuliza.

Kware hakuinamisha kichwa. "Imekwisha, mzee. Nusu niliyopanda imeota, njoo uione. Nusu nyingine ingenifikisha kwenye mavuno, maana wanangu hula kidogo. Lakini nimekaguliwa mwezi mzima, na kila ukaguzi ulikula sahani mbili."

Tembo akalitazama tumbo la Korongo. Korongo akatazama pembeni.

"Mlango wangu uko wazi," Kware akasema. "Akitaka kukagua tena, aje amekula kwao."