Muhuri wa Bata Bukini

Alikuwapo Dubu, mfalme wa nchi ya theluji, aliyevamia monasteri na mbwamwitu wake ili amfukuze Bata Bukini, Mama Mkuu wa watawa.

“Toka, mama wee, nenda ukaatamie mayai! Muhuri wa jike ni batili.”

Bukini akauliza, “Hata uliopigwa zamani, Mtukufu?”

“Wote! Andikeni!”

Mbwamwitu wakaandika amri.

Ndipo Bukini akawafunulia hati iliyompa Dubu kiti cha enzi badala ya kaka yake. Ilikuwa na muhuri mmoja tu, wa unyayo wa bata.

“Basi vua taji,” alisema. “Hawa wameshaandika.”

Mbwamwitu wakamgeukia Dubu. Akainyakua amri yake mwenyewe, akaitafuna, akaimeza.