Mpigo wa Nne

Wendell, fundi wa kuchomelea, aliweka kiganja kwenye nguzo ya jukwaa jipya la uwanja wa chuo, akahisi chuma kinatetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi.

Juu yake wanafunzi elfu nane walikuwa wakisubiri mechi.

"Bosi, kwenye hesabu zako watu wamekaa au wamesimama?" Wendell alimuuliza mhandisi aliyelichora jukwaa hilo, aliyesimama kando yake.

"Wamekaa. Si tumewawekea viti, mzee wangu?"

"Viti! Hapa hata bibi zetu hawakai. Ngoma ya mashabiki ikipigwa mara ya nne, wote wanaruka pamoja."

Mhandisi alicheka, kisha akatazama juu. Magamba ya rangi mpya yalikuwa yakimdondokea begani.

Wendell alitimua mbio kuelekea ngazi za jukwaa, kwenda kuwazuia wanafunzi wasiruke.

Uwanjani ngoma ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu.