Ushahidi Kaburini kwa Nyati

Swala Pofu na wenzake walimuua Nyati, mkubwa wao. "Alikuwa dhalimu. Alitaka kututawala milele," Pofu aliwaambia wanyama, nao wakamshangilia. Kisha Pongo akasema, "Ndugu zangu, kiangazi kile Nyati alitufukulia maji kwa pembe zake." Wanyama wale wale wakalia.

Kesho yake wote walikwenda kuzika, wauaji wakiwa mbele. Kabla ya kufukia, Kobe, msimamizi wa maziko, aliuliza kama ilivyo ada: "Marehemu mlimjuaje?"

"Mwema!" waliitikia kwa pamoja, na sauti ya Pofu ikasikika kuliko zote.

Kobe alitazama kaburi. "Jana mlisema mmeua dhalimu. Basi huyu mwema tunayemzika, kauawa na nani?"

Hakuna aliyesogea kutia udongo.